Abiria wa Kilo Sitini na Nane

Jumamosi asubuhi, yadi ya vipuri ya Jelapang, pembeni mwa mji wa Ipoh, hujaa watu utadhani vitu vinagawiwa bure. Magari ya Kijapani yaliyokatwa nusu yamepandiana ukutani, redio tatu zinaimba nyimbo tatu, na kila mteja anataka kuhudumiwa yeye kwanza. Katikati ya zogo hilo alisimama Rohayu, mtandio wa waridi kichwani, ovaroli ya bluu mwilini, na sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Wewe mwenye shati la mistari! Umekumbatia nini hapo, mtoto?"

Aliyeulizwa alikuwa Idham, mwalimu wa hesabu, mrefu, mpole, mwenye masikio yanayoiva haraka akiona aibu. Kifuani alikuwa na springi iliyokatika vipande viwili.

"Ya mbele kushoto, dada. Nimepita tuta pale sokoni, nikasikia paa! Naomba moja kama hii."

"Moja haiuzwi."

"Kwa nini?"

"Ukiweka nzima upande huu na iliyochoka upande ule, gari litatembea limeinamisha bega. Hizi hununuliwa mbili mbili, kaka. Mama yako hakukwambia?"

Wateja wakacheka. Rohayu aliitupa springi mbovu kwenye rundo la vyuma, akapanda juu ya mizani ya kupimia chuma chakavu ili azifikie nyingine zilizoning'inizwa juu. Sindano ya mizani ikazunguka, ikatulia.

"Hamsini na tatu," Idham akasoma, kwa mazoea tu ya mtu wa namba.

Wateja wakakodoa macho. Rohayu akageuka polepole.

"Umesoma nini?"

"Samahani. Nimesoma... mizani."

"Kilo za mwanamke hazisomwi kwa sauti, bwana! Leo hupunguziwi hata senti."

Hakupunguziwa. Jumamosi iliyofuata alirudi kununua nati ambayo hakuihitaji. Iliyofuata tena akaja na kahawa mbili kwenye mifuko ya plastiki, zimefungwa kwa kamba. Haukupita muda Rohayu akaacha kumwita Mwalimu, akaanza kumwita Abang, yaani kaka, kama mke anavyomwita mumewe, na Idham alipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza aliacha gari linanguruma akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la mbio, turbo, milango miwili, umri wake karibu sawa na wa mwenyewe. Kiti cha kushoto kikawa cha Rohayu, ambaye sasa Idham alimwita Ayu. Alikisogeza mbele kadiri ya miguu yake mifupi, akaning'iniza tasbihi yake kwenye kioo, na ole wake atakayekigusa.

Sasa niseme ukweli kuhusu huyu binti: alikuwa na wivu. Si ule wivu mdogo wa kununa kidogo ili ubembelezwe. Wa kwake ulikuwa unaamka kabla yake na kumsubiri mlangoni. Kwa hiyo siku alipofungua mlango wa gari akakuta kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, damu ilimpanda kichwani.

"Nani amekaa hapa?"

"Cikgu Salbiah, mwalimu mwenzangu. Mvua ilikuwa kubwa, mpenzi, nikamfikisha kituoni."

"Yule wa netiboli? Mwenye miguu kama nguzo za umeme?"

"Ayu, ana mume."

"Sikuuliza ana nini. Nimeuliza amekaa wapi."

Idham alicheka, akambembeleza, yakaisha. Au yeye alidhani yameisha.

Mwezi huo springi ya nyuma nayo ikakatika. Idham akachoka kubahatisha na vyuma vya kuokoteza, akaagiza springi mpya nne, zile ambazo fundi huzipandisha na kuzishusha kwa spana, akalipeleka gari gereji ya Anko Chong. Na Rohayu, aliyetumwa na bosi wake kupeleka bushi za gari hapo hapo, aliegesha pikipiki nje akamsikia Anko Chong akipiga kelele kwenye simu, spika imewashwa, kushinda mngurumo wa kompresa.

"Mwalimu! Kesho naweka gari kwenye mizani. Mimi siwezi kusawazisha gari tupu. Wewe una kilo ngapi?"

"Sabini na nne, Anko."

"Na huyo wa kushoto?"

"Sitini na nane."

"Sitini na nane? Una hakika?"

"Nina hakika kabisa. Na tafadhali, Anko, usimwambie Ayu."

Bushi zilimponyoka Rohayu mkononi. Sitini na nane! Kilo zake yeye Idham alizijua, alizisoma mbele ya watu. Mwanamke gani huyo anayepimiwa springi mpya kabisa, na kwa siri? Jibu lilikuwa na miguu mirefu na filimbi shingoni. Aliziacha bushi pale pale sakafuni, akaondoka analia ndani ya helmeti.

Jioni Idham alimpigia simu tena na tena. Hakupokea. Ikaja simu ya mama yake Rohayu kutoka Lenggong.

"Ayu, watu wa Pak Mansor wameuliza tena kuhusu posa ya yule kijana wao. Niwaambie nini safari hii?"

Mara mbili alishawakataa kwa ajili ya Idham. Sasa akajifuta pua.

"Waambie waje, Mama."

"Kweli? Nikawaambie?"

"Waambie."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Rohayu alivaa baju kurung ya kijani aliyoshonewa kwa ajili ya sikukuu, akapaka wanja, akaenda gereji kuchukua tasbihi yake. Mwanamke akienda kuachana na mtu hataki aonekane ameshindwa.

Gari lilikuwa limesimama juu ya mizani ndogo nne, kila tairi na yake. Kiti cha dereva kilijaa mifuko ya mchele. Kiti cha kushoto, kiti chake, kilijaa pia: mifuko sita ya kilo kumi, mmoja wa kilo tano, pakiti tatu za sukari juu yake, na mkanda umefungwa vizuri kuzunguka yote. Alipouona mkanda ule ulivyofungwa kwa upole, akashindwa kujizuia.

"Shuka!" aliufokea mchele.

"Ai-yo! Ayu, usiguse!" Anko Chong akatoka mbio chini ya gari jingine. "Nimehangaika asubuhi nzima!"

Mfuko wa kwanza ukatua sakafuni. Wa pili. Wa tatu. Sukari ikapasuka. Kiti kilipobaki kitupu, Rohayu aliingia akakaa, akafunga mlango, akakunja mikono. Ndipo Idham akatokea, shati la batiki limeloa jasho, maana fundi alishampigia simu.

"Ayu, vipi? Tangu jana hupokei!"

"Ni nani?"

"Nani ni nani?"

"Wa kilo sitini na nane!"

Idham akamtazama Anko Chong. Anko Chong akatazama dari.

"Ni wewe," Idham akasema.

"Mimi?" Sauti ilipanda mpaka paka wa gereji akakimbia. "Mimi sitini na nane? Nimenenepa lini?"

"Mwalimu, hapo umekufa," alisema Anko Chong.

"Nisikilize, mpenzi. Anko aliniambia springi hizi zitakaa miaka kumi. Akasema nisimpime mtu wa leo tu, nimpime yule nitakayekuwa nambeba. Nikapiga hesabu. Wewe hamsini na tatu. Nikaongeza kumi na tano."

"Za nini?"

Masikio ya Idham yaliiva yote mawili.

"Dada yangu alipokuwa na mimba aliongeza kumi na tano."

Anko Chong akaenda kuzima kompresa, kisha akabaki huko huko.

"Mama yangu anataka kuja kwenu na tambuu na pete," Idham akaendelea, amechuchumaa mlangoni. "Nilitaka gari liwe sawa kwanza. Nikuambie siku nitakapokuendesha ndani yake, lisikurushe hata kidogo."

Rohayu alijifuta macho. Wanja ulikuwa umeshafika mashavuni. Alitoa simu mkobani.

"Mama? Wale watu wa Pak Mansor. Ushawaambia?... Unasema ndiyo unataka kuwapigia sasa hivi? Usiwapigie! Usimpigie mtu yeyote. Nitakueleza. Mama, usicheke."

Akakata. Idham akainuka.

"Watu gani, Ayu?"

"Sasa wewe ndiye mwenye wivu? Nipe huo mfuko."

"Upi?"

"Wa kilo kumi. Na huo wa tano."

Alimpa. Rohayu akaipakata yote miwili juu ya baju kurung yake ya sikukuu, akavuta mkanda polepole, akaupitisha juu ya mchele kwa uangalifu, akaufunga.

"Anko Chong," akaita, "njoo upime."