Bamba la Risasi

Hasifa, mpelelezi wa polisi, alilipita basi kwa upande wa kushoto, mahali pasipopitwa, na pikipiki yake ya Bajaj ikanguruma.

Mbali mbele yake, Fuso ya bluu iliyosheheni kahawa ya Mbale ilikuwa inateremka kuelekea Busiu. Dereva wake, Muzafaru, alikuwa mtu wa Hasifa. Hasifa ndiye aliyempachika kwa wafanya magendo ya vitu vya kale, awe jicho lake. Yeye ndiye aliyemwapia Nusifa, mke wa Muzafaru, kwamba mumewe atarudi nyumbani Nabuyonga mzima.

Kando ya Muzafaru alikaa Robledo, mwizi wa vitu vya kale kutoka Hispania, bastola ya Glock kiunoni. Simu ya dereva alishainyang'anya.

Na chini ya kiti, kitu chenyewe: bamba la risasi, jembamba, limekunjwa. Liliibwa kwenye machimbo ya mji wa kale wa Waiberia, mji wa kilimani wenye kuta nene za mawe na mnara langoni. Lilifukiwa chini ya kizingiti cha nyumba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Wataalamu wanaweza kuzitamka herufi zake. Maana yake hakuna aijuaye.

Likivuka mpaka, ndiyo kwaheri.

Mpango ulikuwa mwepesi. Askari wasimamishe gari Busiu, kisha Muzafaru, kama Hasifa alivyomfunza, ainame mwenyewe, alitoe bamba na kulikabidhi.

Hasifa akabonyeza redio yake ya Motorola.

"Afande Bogere. Roli ya bluu inakuja kwako. Ndani iko risasi. Simamisha."

"Risasi?"

"Ndiyo. Chini ya kiti ya dereva."

"Nimesikia, afande."

Hasifa akatabasamu. Kiswahili alikirithi kwa babu yake Mnubi, askari wa kambi ya Jinja, na alijivunia kwamba hakimpigi chenga.

Redio ikakoroma tena. Safari hii Bogere alikuwa anawaambia vijana wake.

"Nyinyi, lala chini! Hao iko na risasi! Koki bunduki!"

Hasifa akakibana kitufe cha redio.

Risasi! Wiki nzima alikuwa na watu wa makumbusho, na kwao neno hilo ni madini, yale mazito ya kijivu. Kwa askari ni kitu kimoja tu. Mjukuu wa askari alisahau anaongea na nani.

"Bogere! Si ya bunduki! Ni madini! Dereva ni wetu!"

Hakusikika. Bogere alikuwa bado ameshikilia kitufe, na mmoja akishikilia kitufe, wengine wote ni mabubu.

Akafungua mafuta mpaka mwisho. Lori la mahindi likamzibia njia. Akapiga honi. Akatukana. Akamwomba Mungu. Masikioni, redio ilimletea kila kitu: breki za Fuso, buti, sauti za kuamrisha.

"Mikono juu!"

"Salamaleko, afande." Muzafaru, mtulivu, kama mtu anayejua mambo yamepangwa. "Ngoja natoa kitu yenu. Iko hapa chini."

"Usiiname! Nasema usiiname!"

"Hapana ogopa, afande. Dada alisema—"

Bunduki zikalia.

Kisha kitufe kikaachiwa. Sasa Hasifa angeweza kusema lolote.

Alipofika, Robledo alikuwa kifudifudi na pingu mikononi, mzima wa afya. Muzafaru alikuwa amelala chini ya mlango wa Fuso. Mtu alishamfunika kwa gunia la kahawa.

Bogere akamkabili. "Wewe ulisema risasi, afande. Mimi nasikia risasi."

"Nilisema."

Simu ikaita. Mkuu wake, Kampala.

"Bamba?"

"Tunalo, bwana."

"Limekwaruzika?"

"Hata kidogo."

"Hasara?"

"Dereva."

"Ah." Mkuu akashusha pumzi. "Dereva tu. Hongera, Hasifa."

Hasifa akakata simu. Akavaa kofia, akafunga mkanda wake taratibu, akawasha Bajaj na kuondoka bila kugeuka nyuma. Askari waliomtazama waliambiana kwamba hawajawahi kuona mwanamke mwenye moyo baridi namna ile.

Njia nzima alitafuta neno la kumwambia Nusifa, na kila alilolipata lilimshinda.

Nabuyonga, Nusifa alisikia pikipiki, akamfungulia geti huku akicheka. Kisha akachungulia nyuma yake, akimtafuta mumewe.