Epiphanie na Yai la Mama Mkwe

Mwaka 1954, kule kijijini Lushebere, jua lilipopanda wanawake walikuwa wameshafika shambani. Epiphanie alikuwa bado ameketi mlangoni.

Alikuwa ameolewa na Straton msimu uliopita, msichana mwenye kicheko. Sasa alikuwa mkimya. Hakuwa akilala vizuri, na machozi yalimtoka hivi hivi tu.

"Mutoto huyu ni muvivu," alisema Mama Nyiramana, mama mkwe wake. "Straton, mavuno ikiisha, umurudishe kwao."

Straton alimpenda mkewe. Moyo ukamuuma, akaenda kumwita Papa Gustave, muuguzi wa dispensari.

Papa Gustave aliketi karibu na Epiphanie. "Mutoto wangu, unakulaka nini?"

"Bugali, Papa."

"Na nini?"

"Na chumvi."

Mama Nyiramana akaja juu. "Maharagi si inapikwa kila siku?"

"Ninawapakulia nyinyi kwanza, Mama. Bibi arusi hajazi sahani. Watasema ni mulafi."

"Na mayai?" aliuliza Papa Gustave.

"Mayai njo ya wanaume na ya kuuza," alijibu Mama Nyiramana. "Kwetu wanamuke hawakulake mayai."

"Basi tumepata kitu kimoja. Muntu akikosa chakula kizuri, nguvu inapotea, na huzuni inaweza kuzidi. Mupe maharagi, mboga ya lengalenga, matunda, mayai. Lakini chakula peke yake haimalize kila huzuni. Musimwache peke yake. Hali ikizidi, mumulete kwangu mbio."

Mama Nyiramana aliketi kando ya mkwewe. Kisha akasema polepole, "Hata mimi, nilipoolewa, nililia nyuma ya nyumba. Nilifikiri ndoa njo hivyo."

Akaingia jikoni, akachemsha yai. Mbele ya mwanawe na muuguzi, akalimenya, akaling'ata. Straton akatoa macho. Nusu iliyobaki akampa mkwewe.

"Kula, binti yangu. Kama ni aibu, iko yetu wawili."

Epiphanie alikula huku akilia.

Tangu siku hiyo mama mkwe ndiye aliyempakulia, tena sahani imejaa. Walikwenda shambani pamoja, wakizungumza njia nzima. Uzito wa moyo haukuondoka mara moja. Siku nyingine ulirudi. Lakini mahindi yalipokomaa, kicheko cha Epiphanie kilisikika hadi kwa majirani. Habari ya kumrudisha kwao haikutajwa tena.

Mama Nyiramana aliendelea kulalamika kuwa mayai ya kuuza yamepungua. Alilalamika huku akitafuna yai.