Nani Kaugusa Mpira?

Kengele ya kutoka shule ikilia, mimi sina habari na mtu. Navaa glavu zangu, nakimbilia uwanjani, nasimama golini mpaka jua lipungue makali. Shuleni hakuna anayeniita kwa jina langu. Wananiita Kipa, na nyumbani nako wamelipokea jina hilo kana kwamba nilizaliwa nalo. Glavu zenyewe alinishonea shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ni fundi cherehani. Alizishona kwa masalio ya suruali za wateja: kidole kimoja cha bluu, kingine cha kahawia. Zicheke uone, tutagombana.

Shangazi ana sifa mbili. Ya kwanza, akikushonea nguo inakukaa sawasawa. Ya pili, nguo yenyewe haiwi tayari kamwe. Mteja akija, jibu ni lile lile: "Njoo Ijumaa." Akija Ijumaa, anaambiwa Ijumaa ijayo, tena kwa tabasamu tamu mpaka mtu wa watu anaondoka akishukuru.

Wiki moja Shangazi alikuwa amelazwa hospitali. Alipasuliwa kidole tumbo na upasuaji ukaenda salama. Basi kila jioni, nikitoka uwanjani, nilimpelekea chupa ya chai saa ya kuwaona wagonjwa. Bibi, mama yake Shangazi, ndiye aliyekaa naye mchana kutwa. Getini mlinzi alinipa amri moja tu: "Mpira hauingii wodini!" Nikawa nauacha chini ya kiti chake, naingia mikono mitupu.

Mitupu, ndiyo, lakini si misafi. Mlangoni mwa wodi kulikuwa na ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni. Nilikuwa naipita kila siku. Ninawe ya nini, kwani mgonjwa ni mimi?

Jumatatu nilimkuta Shangazi peke yake, Bibi amekwenda kufua. Dripu ilikuwa inashuka tone kwa tone. Shangazi akaniomba nimsaidie kukaa. Nikamshika, nikamvuta kwa nguvu zangu za golini, na mpira wa dripu ukachomoka pale unapoungana na kijisindano cha plastiki mgongoni mwa mkono wake. Ukaanguka sakafuni, maji yakanimwagikia miguuni. Nikauokota haraka, nikaufuta kwenye sketi yangu yenye vumbi la uwanja, nikaupuliza fuu, fuu, nikauchomeka tena.

"Muite nesi," Shangazi aliniambia.

"Wa nini, Shangazi? Mbona tayari!"

Ukweli ni kwamba niliogopa kufukuzwa. Nikaibandika upya ile plasta, nikaibonyeza kwa kidole gumba, dripu ikaendelea kushuka. Nikajiona fundi kweli kweli.

Jumatano mambo yakaharibika. Nilimkuta Shangazi anatetemeka chini ya mablanketi mawili, na ngozi yake ilikuwa inaunguza. Alinitazama kama mtu asiyewahi kuniona maishani.

"Karibu, mama," akaniambia. "Gauni lako liko tayari. Liko tayari tangu jana."

Bibi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mmesikia? Nguo iko tayari! Jamani, mwanangu anakufa!"

Siku nyingine ningecheka mpaka nilie. Siku hiyo sikujua nicheke, nilie au nikimbie. Shangazi akaniamuru, "Inua mikono, nikupime." Nikainua, maana sikujua la kufanya. Nilisimama hivyo, mikono juu, tope la uwanjani limekauka kwenye kucha, mpaka daktari alipoingia na nesi.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi. "Mama, vijidudu vimeingia kwenye damu," alimwambia Bibi. "Damu inavisambaza mwili mzima, ndiyo maana hata akili imevurugika. Tumechukua damu tukapime na dawa tumeanza. Sasa lazima tujue vimeingilia wapi. Huenda alikuja navyo kutoka nyumbani, huenda kavipatia hapa hapa."

"Hapa hapa hospitali?" Bibi aliuliza. "Si ndiko tunakoletwa tupone?"

"Ndiko, mama. Lakini mgonjwa mwenye kidonda na sindano mwilini ana milango mingi iliyo wazi. Na vijidudu vya hospitali ni sugu, vingine vimeshazoea dawa. Mimi nashuku kidonda cha tumboni. Kwa nje ni kikavu, ila ndani huenda kuna usaha. Tusipoona mlango mwingine, itabidi tumfungue tena leo hii."

"Afunguliwe tena na hali hii? Atastahimili?"

Daktari akamgeukia Bibi. "Ni hatari. Sikufichi, mama."

Kichwa changu kikawa kama soko. Damu inaingiwaje na vijidudu, na iko ndani ya ngozi? Au ni chai yangu? Au chupa haikuoshwa? Nilikuwa bado nahangaika na chai wakati nesi alipouinua mkono wa Shangazi na kuukazia macho.

"Plasta hii sikuibandika hivi," alisema. "Nani kaugusa mpira?"

"Sijauingiza!" nikaropoka. "Mpira uko getini kwa mlinzi!"

Nesi akanigeukia. "Mlinzi ana mpira gani?"

"Ule ule. Uko chini ya kiti chake."

"Mpira wa mgonjwa uko chini ya kiti cha mlinzi?" Daktari naye akashangaa.

"Ni kweli, mwanangu," Bibi akadakia. "Hata mimi nimeuona jana. Una kiraka."

"Una kiraka!" Nesi akajishika kiuno.

"Kiraka nakuwekea bure," Shangazi akasema kutoka kitandani, macho yake yakiwa darini. "Uko tayari, njoo uchukue."

"Toba!" Nesi akaunyanyua ule mpira mwembamba mbele ya macho yangu. "Nasema mpira huu hapa! Mpira wa dripu!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ningeweza kusema sijui. Aliyeniona ni Shangazi peke yake, na Shangazi mwenyewe alikuwa ananiita mteja. Nikamtazama, nikaitazama mikono yangu. Niliogopa kusema, lakini niliogopa zaidi kile chumba cha upasuaji.

"Ni mimi," nikasema. "Ulichomoka juzi Jumatatu, ukaanguka chini. Niliufuta kwa sketi nikaurudishia."

"Kwa sketi hiyo?" Bibi aliuliza.

"Na nikaupuliza."

"Ukaupuliza! Mungu wangu, mtoto huyu!"

Daktari hakunigombeza. Alivaa glavu, akaibandua plasta polepole. Chini yake ngozi ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, na pembeni mwa kijisindano kulikuwa na usaha. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda na mshipa kuelekea kwenye kiwiko.

"Mlango wetu ndio huu," alisema. "Toa vyote, sindano na mpira wake, weka vipya mkono wa kulia. Tubadili na dawa, tumpe ya vile sugu. Upasuaji usubiri kwanza." Kisha akaniangalia. "Umechelewa kusema, lakini umesema. Umemwepushia kisu."

Nesi alipomaliza kazi yake alishusha pumzi ndefu. "Na mimi nina langu, Bibi," alisema. "Mkono huu nilipaswa kuukagua jana. Kazi zilinizidi, nikasema kesho. Nisamehe."

Alhamisi sikwenda uwanjani. Nilinawa pale kwenye ndoo mpaka viwiko, nikanawa tena, mpaka nesi akaniambia, "Inatosha, Kipa, utabanduka ngozi." Shangazi alishinda amelala. Homa ilikuwa imeshuka kidogo, lakini hakuna aliyethubutu kusema amepona. Bibi alikaa tu, ameushika mguu wa Shangazi.

Ijumaa jioni nilimkuta Shangazi ameegemea mto, macho yamemtulia. Kabla sijamwamkia, simu yake ikaita.

"Haloo? Ee, ndiye mimi. Gauni?" Akakohoa kidogo, akatabasamu. "Njoo Ijumaa... Leo ndiyo Ijumaa? Basi Ijumaa ijayo, mama, bila kukosa."

"Amepona!" Bibi akaruka kutoka kwenye kiti. "Jamani, mwanangu amepona!" Wodi nzima ikacheka. Mimi nililia, tena kwa sauti.

Daktari alipopita alituambia majibu ya damu yametoka: vijidudu vya kwenye damu ni vile vile vya kwenye usaha wa mkononi. Shangazi angeendelea na dawa siku kadhaa, lakini hatari kubwa ilikuwa imepita. Alipoondoka, nilimsimulia Shangazi kila kitu, mpaka na kupuliza. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Nilikwambia umuite nesi," alisema.

"Uliniambia, Shangazi."

"Wewe ukajibu, 'mbona tayari.' Kumbe ufundi wangu wa uongo umeurithi." Alitaka kucheka, lakini hakucheka. Akanivuta karibu. "Sikiliza, Kipa. Mimi nikimdanganya mteja, anakosa gauni tu, na hilo nalo ni baya, nitaliacha. Wewe ulipoficha, nilikuwa nakwenda na maji. Mgonjwa haguswi kwa mikono michafu. Kitu chake kikichomoka, muite mwenye kazi yake. Na ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo. Usingoje Ijumaa."

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya, nimiminie chai."

Nikainuka kwenda kunawa kwanza.