Dereva wa Pijo ya Munyakazi

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ukiisha, Kagarama yote hunukia majani yaliyofyekwa. Oswald aliegemeza jembe ukutani, akanawa mikono, akanywa chai yake amesimama, maana tangu mkewe Jovina aondoke hakuona sababu ya kukaa mezani peke yake. Siku hiyo lakini alikuwa na furaha. Gari lilikuwa linaondoka, na mke alikuwa anarudi.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 ya samawati iliyopauka. Lilikuwa limekaa uani miaka minne, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Oswald, mtu wa Bukoba aliyekuja Kigali kwa kazi ya kutoa mizigo forodhani, alilichukua Gikondo kwa mzee Munyakazi, dereva mstaafu wa teksi, ambaye kofia yake ya sufu ya kijivu haikutoka kichwani hata akiwa ndani ya nyumba. Siku ya kukabidhiana, mzee alimkaribisha chai. Mwenyewe akanywa bila sukari.

"Sukari inalegeza mikono ya dereva," alisema. Kisha akatoa sharti lake. "Leo gari inatoka kwangu na kamba, kama maiti. Kwako itoke na moteri yake. Na ile siku, mimi ndo naendesha."

Oswald akala kiapo. Mtu anayependa kitu huapa upesi sana. Hata jina kwenye karte jone, kadi ya gari, hakulibadilisha. Alisema atabadilisha likianza kutembea, kama wanavyosema wote wanaonunua magari mabovu.

Alianza kwa moto. Akapaka rangi mlango mmoja, akang'oa breki za zamani, akanunua mpya, akaziweka stoo zikiwa bado kwenye katoni. Basi, ikaishia hapo. Munyakazi alikuwa akipiga simu kuuliza lini, naye Oswald akimpiga chenga: wiki ijayo, mwezi ujao, baada ya Pasaka. Mwisho akawa hapokei kabisa. Mwaka jana mzee akafa, na Oswald kwa aibu hakwenda hata kumzika.

Wiki moja baada ya maziko, honi ikaanza. Kila siku saa tisa alasiri ililia mara mbili, kwa kifupi, kama dereva aliyefika getini anayemwita mtu atoke. Gari halikuwa na betri. Oswald alikata nyaya zote za honi kwa mkono wake mwenyewe, na kesho yake saa tisa ikalia.

Jovina alivumilia hadi akachoka. "Baba Winifred," alimwambia, "likiondoka, nipigie. Likibaki, usinitafute." Akamchukua mtoto wao, akaenda kwa dada yake Remera.

Ndipo Oswald akatangaza kuuza. Aliyejitokeza ni Kiprotich, Mkenya msimamizi wa ghala moja huko Masoro, mpenda magari ya zamani. Aliuliza swali moja tu la maana: breki zikoje? Oswald akamjibu zimefungwa, mpya kabisa. Ulikuwa uongo mtupu, na aliusema bila kupepesa jicho. Angesema lolote ili lile gari litoke.

Saa sita mchana geti likagongwa. Hakuwa Kiprotich. Alikuwa Spéciose, mjane wa Munyakazi, na kitenge chake cha msiba bado mabegani.

"Nasikia unauzisha gari."

"Ndiyo, mama."

"Karte jone iko na jina ya nani?"

Oswald akalishika geti ili alifunge.

"Iko na jina ya bwana yangu. Na moteri haijawaka. Ulimuambia nini, we?"

"Mama Spéciose," Oswald akasema, na hapo hasira ikampanda, "marehemu haendeshi gari. Nenda nyumbani."

Mama yule akavuta kitenge chake vizuri mabegani. Hakulia wala hakutukana. "Sawa," akanong'ona. "Mimi nilikuja kukuambia tu. Ye hakunituma. Ye atakuja mwenyewe."

Akashuka na barabara, hakugeuka nyuma.

Kiprotich akafika na pikapu saa nane na nusu. Wakamalizana, Oswald akampa karatasi, wakatoa mawe, Kiprotich akaanza kufunga kamba. Oswald akaingia ndani kumpigia mkewe. "Njoo," alimwambia kwa furaha. "Linaondoka sasa hivi."

Alipotoka, gari lilikuwa linapita getini taratibu, limenyooka vizuri nyuma ya pikapu. Kupitia kioo cha nyuma aliona kisogo cha mtu aliyeshika usukani. Fundi wa Kiprotich huyo, akawaza. Mtu yule alikuwa amevaa kofia. Akainua mkono kuaga, na Oswald naye akapunga.

Saa tisa ikafika. Kimya. Honi haikulia. Oswald nusura apige magoti.

Alishika ufagio, akafagia pale gari lilipokaa, akapeleka mawe stoo. Huko mguu wake ukagonga katoni.

Breki.

Kutoka Kagarama kwenda bondeni ni mteremko wa kuua mtu. Gari lisilo na breki, kwenye kamba, lingempanda Kiprotich mgongoni kabla ya kona ya kwanza. Oswald alipiga simu. Simu ikaita mara nyingi.

"Tumefika poa, boss," Kiprotich akasema. "Lakini huyo mzee wako, wah! Mteremko wote kamba haijalegea hata mara moja. Breki zako ziko sawa kabisa."

"Mzee gani?"

"Huyo wa kofia. Nilimaliza kufunga kamba nikapata ameshakaa kwa usukani. Si ni wako?"

Oswald akaitazama ile katoni miguuni pake.

"Sasa skiza. Tumefika hapa, ameng'oa usukani akaenda nao. Namwita, hageuki. Mwambie aurudishe."

"Ameondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi. Hata dakika mbili hazijaisha."

Masoro ni mbali. Oswald alijiambia hivyo. Masoro ni mbali sana.

Jikoni vikombe vikagongana. Kisha akasikia sauti ya Jovina. Amerudi. Alitoka stoo mbio, akamkuta mkewe amesimama jikoni, mkoba bado begani, anarudisha kopo la sukari kabatini.

"Ungeniambia una mgeni," Jovina akasema kwa sauti ya chini. "Nimeaibika, nimemkuta sebuleni peke yake. Nimemmiminia chai. Sukari amekataa."

"Mgeni gani?"

"Anasema inalegeza mikono."

Oswald akageukia mlango wa sebule.

"Anasema safari ni leo," Jovina akaendelea. "Ameuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia yuko kwa dada, Remera. Akasema basi, tutampitia njiani, twende sote. Baba Winifred, unakwenda wapi?"

Oswald akamsukuma kando, akaingia sebuleni. Hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma, kikombe ki kitupu. Juu ya meza palikuwa na usukani wa Pijo.

Akaugusa. Ulikuwa baridi kote, isipokuwa mahali pawili, pale mikono inaposhika. Hapo palikuwa na joto, kama mikono bado haijaachia.