Uso wa Mladen Kanev

Kila asubuhi kabla ya shule mimi hununua mkate dukani. Jumanne ile nilifika mlangoni, mkate nikausahau kabisa. Mtu niliyemwibia uso alikuwa ananitazama.

Kijijini kwetu Dolni Yavor, mtu akifa, jamaa zake hubandika karatasi yenye picha yake getini, dukani na kituo cha basi, na hurudia kila mwaka siku yake ikifika. Wiki moja nyuma nilikuwa nimebandua karatasi kuukuu kwenye nguzo ya daraja. Mvua ilikuwa imelifuta jina, ikabaki picha ya mwanamume mwenye masharubu mazito na macho makali. Mimi nilihitaji uso. Darasa letu lilikuwa linatengeneza ubao wa historia ya kijiji, wa kutundikwa ukumbini Jumapili, na nilipewa meya wa kwanza, Zhelyo Tomov, aliyechaguliwa miaka tisini iliyopita. Picha yake hakuna aliyekuwa nayo. Nikaibandika ile. Mwalimu Radka aliponiuliza nimeitoa wapi, nikamjibu bila kupepesa macho, "Kwa ukoo wake, mwalimu."

Sasa uso uleule ulikuwa mlangoni kwenye karatasi mpya: *Mladen Kanev. Miaka hamsini bila wewe.*

Niliukuta tena kituo cha basi, na tena kwenye geti la kanisa. Darasani niliupa ubao mgongo, na bado niliyahisi macho yale shingoni. Niliogopa, sifichi.

"We Bilyana, una nini?" rafiki yangu Vesela akanicheka. "Umekuwa mweupe kama jibini! Au meya wako amekutokea?"

"Koma, Vesela!"

Hakujua alivyonichoma.

Alasiri nilimkuta bibi Stanka, binti wa marehemu Kanev, darajani na kopo la gundi ya unga. Alikuwa anabandika karatasi ya mwisho. Nilitaka kukimbia.

"Bibi," nikasema, "baba yako alimjua meya Tomov?"

Akacheka kicheko kikavu. "Kumjua? Si waligombea pamoja! Baba alishindwa kwa kura saba. Wiki ileile watu wa Tomov wakalichoma ghala letu la nyasi, punda yumo ndani. Baba hakulitamka tena jina lile mpaka anaingia kaburini. Kwa nini, mjukuu wangu?"

Nikaangua kilio palepale, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Aliliacha kopo liiname, gundi ikamdondokea viatuni.

"Yaani Jumapili," akasema, "ningeingia ukumbini nimkute baba yangu anaitwa Tomov." Kisha akanishika mkono. "Twende kwa mwalimu wako. Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama tu."

Nilisema yote, na habari ya kura na ghala pia. Mwalimu Radka aliibandua picha kwa kisu kidogo, polepole.

"Hapa pataachwa patupu," alisema. "Andika: picha haijapatikana. Kutojua si kosa, Bilyana. Lakini ulipoziba pengo kwa uongo, ulimnyang'anya mtu uso wake ukampa adui yake, na watoto wenu wangekuja kuamini hivyo. Wafu hawawezi kusimama wakakusahihisha. Ndiyo maana lazima tuwe wakweli zaidi tunapowaandika." Akaigeuza picha mkononi. "Na huyu aliyeshindwa, nani ataandika habari zake?"

"Mimi, mwalimu."

Jumapili ukumbi ulijaa. Kwenye ubao, Tomov alikuwa na jina na mraba mtupu. Kando yake alikuwa Mladen Kanev, na kura saba, na ghala. Mjukuu wa Tomov alisoma mara mbili, akatoka bila kuaga mtu. Bibi Stanka aliigusa picha kwa kidole.

"Umechelewa miaka tisini, baba," akasema, "lakini umeingia."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kununua mkate. Macho yale yalikuwa bado mlangoni, makali kama kawaida.

"Shikamoo, babu," nikasema, nikaingia.