Nakala ya Kidoti

Kikohozi kile hakikuwa cha Kidoti. Mama yake angeapa.

Ilikuwa mchana, mlango wa chumba chake cha kazi umefungwa, naye anasikiliza sauti za marehemu binti yake kama alivyozoea tangu wamzike. Kazi yake mama huyu ni kuandika programu za kompyuta, na si mchezo. Vijana wa ofisini humwita Mwalimu. Kidoti alipokuwa hai, mama alimtengenezea programu ya kuchezea, akawa anatia humo kila alichorekodi kwa simu: kicheko chenye kwikwi, nyimbo zisizokwisha, na lile swali la kila siku nje ya mlango huuhuu, "Mama, niingie?" Naye, kazi imemkaba koo, hujibu, "Ngoja kidogo, mama." Mtoto akangoja. Kisha homa ikamchukua, na katika pilikapilika za hospitali simu ikaibwa. Sauti zikabaki ndani ya programu tu.

Sasa baada ya kicheko, kikohozi. Kizito, cha mtu mzima.

Siku ya mazishi, macho yamevimba, alikuwa ameandika mstari mmoja wa kumtunzia mtoto nakala: nakala = kidoti. Akaifungua hiyo nakala asikilize. Kikohozi kimo. "Kumbe kilikuwepo, nilisahau tu," akajiambia. Akaifunga na hakuigusa tena, jinsi watu wanavyofunga nguo za mtoto na kuziweka juu ya kabati. Jamani, msiba hupofusha. Mstari ule ungeandikwa na kijana wa ofisini, Mwalimu angemtania mpaka jioni.

Ikafuata harufu ya udongo uliochimbuliwa karibuni.

"Unaongea na nani humo?" mumewe akauliza mlangoni, sauti ya chini.

"Na mwanao. Leo kaniuliza kwa nini chumba chake kina giza."

"Mama Kidoti, mwanangu nilimshusha mwenyewe kwa mikono hii. Hilo swali ulilirekodi lini?"

Hakulirekodi kamwe, na tangu hapo kila alipofungua programu alikuta maneno mapya ambayo mkono wake haukuyatia, mara wimbo wa Kidoti ukiimbwa kinyumenyume, mara pumzi ndefu zikivutwa karibu kabisa na sikio lake ingawa spika iko upande wa pili wa meza, na harufu ile ikipanda kutoka kwenye vibonye mpaka akawa anaikuta kwenye vidole vyake akinawa, akilala, akila, mpaka mume akaona maji yamezidi unga, akaenda kumleta bibi mganga.

Bibi alisimama mbele ya kompyuta, hakuigusa.

"Jini limo ndani ya sauti," akanong'ona. "Litatoka zikitoka zote. Unazo nyingine?"

"Ninayo nakala," mama akasema. Ikawa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu mazishi.

Basi bibi akaanza kusoma dua, na mama akaiamuru kompyuta imwage Kidoti, sauti zote zifutike. Spika ikalia kwa sauti ya mtoto, "Mama, usinitoe, mama, ni mimi," na mume akaziba masikio, na mama akang'ata mdomo mpaka damu, huku akijiambia huyu siye, wangu nimemtenga, wangu yuko salama. Kimya kikaingia. Harufu ikakata.

"Haya, tumsikilize mwenetu," mume akasema, analia kwa afueni.

Mama akafungua nakala. Tupu.

Akausoma tena ule mstari wake wa siku ya mazishi.

"Si ulisema una nakala?"

"Nilimpa jina la pili tu, baba Kidoti. Ukiandika hivi, kompyuta haitengenezi kitu kingine. Inabandika kibandiko cha pili kwenye ndoo ileile. Ndiyo maana kikohozi nilikikuta kote. Ndoo ilikuwa moja, na nimeimwaga." Akaugusa ule mstari kwa kidole. "Vijana nawafundisha hili kila siku. Nimemfuta mwanangu kwa mkono wangu."

Mume akamshika kichwa, akakiweka kifuani pake.

Bibi alipokuwa akiondoka, akageuka mlangoni. "Limetoka, lakini limetoka na sauti lilizokula. Likirudi litaomba ruhusa. Mkatalie. Bila ruhusa haliwezi kitu."

Lilirudi alasiri moja ya mvua, mume yuko kazini. Mama alikuwa ameketi mbele ya skrini tupu aliposikia harufu ile ya udongo. Mlango ukagongwa, chini, usawa wa mkono wa mtoto.

"Mama, niingie?"

Kisha kicheko, chenye kwikwi zake mwishoni. Na nyuma ya kicheko, polepole, kikohozi.

Alijua ni nini kilichosimama pale. Alijua pia kwamba kicheko kile sasa kilikuwa kimebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni nje ya mlango huo, kinangoja.

"Ngoja ki..." ulimi ukaanza, kwa mazoea. Akaukatiza.

Akainuka, akafuta machozi, akashika kitasa.

"Ingia, mama," akasema. "Umengoja sana."