Anayetwanga Ndani ya Spika

Mtoto alikuwa katikati ya aya sauti ilipokuja kwa mara ya kwanza. Tok, tok, tok-tok, kisha mkwaruzo wa chuma ndani ya chuma. Hasmiza alidhani ni huko Seremban kwa mwanafunzi, labda mama mtu anatwanga pilipili jikoni, akamwambia mtoto awaombe watu wa nyumbani watulie wakati wa Kurani. Yule mtoto, Damia, akamkodolea macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwalimu, ni huko kwako," akasema.

Huko kwake hapakuwa na mtu wa kutwanga. Hasmiza aliishi peke yake Pasir Mas, katika nyumba ya mbao alimokulia. Bibi yake, Tok Limah, mkunga na mkandaji aliyejulikana hadi ng'ambo ya mto, alikuwa amezikwa miezi michache nyuma. Miaka yote ya ugonjwa Hasmiza ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji, akambadilisha nguo. Dada yake, Norlida, alikuwa Kuala Lumpur akiuza shungi kwenye mtandao, na siku moja alituma kompyuta mpakato ili bibi awe anamwona kwa simu ya video. Baada ya kuituma hakuja tena. Watu wa mjini wamegundua kwamba hata mapenzi hufungwa kwenye boksi yakapelekwa na pikipiki.

Matanga yalipokwisha Norlida alitoa hukumu yake. Nyumba iuzwe, na Hasmiza ahamie kwake, awe anamfungia vifurushi vya shungi na kumpikia yeye na mumewe. Hasmiza akaomba muda mpaka mwezi wa Mfungo, aone kama anaweza kujilisha mwenyewe. Norlida alicheka, akakubali. Ndipo Hasmiza akaifuta vumbi ile kompyuta ya bibi na kuanza kuwasomesha watoto Kurani kwa video, watoto wa Seremban, wa Johor, wa popote. Sauti ndiyo ilikuwa duka lake. Ikiharibika, angekwenda kuwa kijakazi wa dada yake, na hilo alilijua vizuri.

Kwa hiyo aliisaka ile kelele kama mtu anayesaka panya ghalani. Alizima akawasha. Akafuta programu inayoendesha sauti, akaiweka upya. Akachomoa chaja, maana alisikia kwamba umeme mbaya huleta muungurumo. Kelele ikanyamaza siku kadhaa, akamshukuru Mungu, na siku alipopata mwanafunzi mpya, mtoto wa daktari wa Ipoh, ikarudi katikati ya Alhamdu. Mama wa mtoto akauliza kwa adabu kama mwalimu anapika. Baada ya hapo wanafunzi wakaanza kujitoa, wazazi wakitoa visingizio vya heshima.

Akaipeleka kwa Nizam, fundi wa kompyuta aliye jirani na kituo cha treni, mtu mwenye maneno mengi na bisibisi ndogondogo. Asubuhi nzima kompyuta ilikaa mezani kwake ikiimba nyimbo za redio bila doa. "Dada, mashine ni kama mtoto mdogo," akamwambia. "Ukimfikisha kwa daktari tu, homa imekwisha." Hata hivyo aliifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha spika zote mbili. Akamfundisha na jaribio la nyumbani: kelele ikija, avae hedifoni. Ikisikika humo, tatizo ni bodi. Isiposikika, tatizo ni spika.

Hasmiza alifanya jaribio lile siku mbili baadaye, alasiri, mvua ikinyesha. Kelele ilipoanza alivaa hedifoni. Ndani ya hedifoni palikuwa kimya. Kelele ilikuwa nje, inapita juu ya sponji za hedifoni na kumfikia sikioni, karibu, kama ya mtu aliyeketi chini upande wa pili wa meza. Ndipo alipopata na harufu, ya chokaa mbichi na popoo iliyotafunwa. Hasmiza aliogopa, na kwa kuogopa akajikaripia kwa sauti, akasema nyumba ya mzee haikosi harufu ya mzee.

Lakini mkono ulikuwa umeshaitambua kelele kabla ya kichwa. Miaka yote ile alimtwangia bibi tambuu, maana bibi hakuwa na meno: jani, popoo, chokaa, vyote ndani ya kikebe cha shaba, unatwanga mara mbili polepole, mara mbili upesi, halafu unakomba.

Alimrudishia Nizam kompyuta na hakumwambia habari ya tambuu. Safari hii fundi hakufanya mzaha mwingi. Alizing'oa spika kabisa, akamfungia kwenye mfuko wa plastiki, akampa spika za nje za kuchomeka. Asizichomeke mpaka wakati wa darasa, akasema, na huko kati kompyuta itakuwa bubu.

Magharibi ya siku hiyo, saa ambayo watu wa Pasir Mas hufunga madirisha na kuwaita watoto ndani, Hasmiza aliifungua kompyuta ile bubu ili aandae somo. Kwenye kioo palikuwa na ule mstari wa kijani unaoonyesha kiasi cha sauti inayoingia kwenye maikrofoni, unaopanda mtu akisema na kushuka akinyamaza. Yeye hakuwa akisema kitu. Ulikuwa ukipanda na kushuka, ukapanda ukatulia, ukapanda tena, kama wa mtu anayeuliza jambo na kungoja ajibiwe na kuuliza lile lile, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia chura nje na matone ya bomba la jikoni, na alipoziba mdomo wake kwa kiganja ili ahakikishe kwamba si pumzi zake zinazousukuma, mstari ukaendelea kupanda na kushuka vilevile, na kutoka ndani ya mashine isiyokuwa na spika, isiyokuwa na kitu chochote cha kutolea sauti, kikaanza kile kitwangio, polepole mara mbili, upesi mara mbili, kisha mkombo mrefu, na harufu ya chokaa ikapanda mpaka machozi yakamtoka. Akaifunga, akakimbilia kwa jirani bila viatu.

Kesho yake Nizam alimsikiliza mpaka mwisho. "Dada, nimeshatoa kila kinachoweza kulia," akasema. "Kilichobaki mimi sikitengenezi."

Na bado alifundisha, maana njaa haijui jini. Alichomeka zile spika za nje akamwita Damia, mmoja wa wachache waliobaki. Mtoto alisoma vizuri, kisha akaacha kusoma.

"Mwalimu, Long ni nani?"

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Huyo bibi hapo kwako. Kila nikisoma ananikatiza. Anauliza, Long yuko wapi, mbona Long haji."

Long ni jina la kumwitia mzaliwa wa kwanza. Katika nyumba ile ni Norlida aliyeitwa hivyo, na aliyemwita hivyo alikuwa kaburini.

Hapo akakumbuka kufa kwa bibi, na mambo yote yakajipanga. Tok Limah alikuwa na jini wa kurithi, jini aliyemsaidia kuzalisha na kukanda, na kijiji kizima kilijua ingawa hakuna aliyelisema mbele yake. Mwenye jini wa namna hiyo hafi mpaka apatikane wa kumpokea. Roho yake ilikwama. Wanaume walitoa vigae juu ya paa, wakang'oa ubao wa sakafuni ili itoke, haikutoka. Alikuwa akinyoosha mkono mtupu kwa kila aliyeingia, anasema, "Pokea." Hakuna mtu wa Pasir Mas ambaye angeitikia neno lile. Hasmiza mwenyewe nusura aitikie, kwa huruma tu, jirani akamfinya paja mpaka akalia. Halafu Norlida akapiga simu ya video. Bibi akapeleka kile kiganja mpaka kikagusa kioo, akasema, "Long, pokea." Norlida, aliyekuwa akiwaonyesha wateja shungi kwenye simu nyingine, akasema haya bibi, nimepokea, nimepokea, wewe pumzika. Bibi akashusha pumzi, akafa pale pale.

Basi jini alipokelewa kwa simu ya video. Aliyempokea hakuja kumchukua, na yeye akabaki njiani, ndani ya mashine, akimtwangia bwana wake mpya tambuu na kumuulizia kwa kila aliyefungua mlango.

Alimpigia dada yake akamweleza yote. Norlida akacheka kicheko kikavu.

"Miza, darasa limekushinda, sasa unaniletea majini?"

"Wewe ndiye uliyesema umepokea, dada."

"Nilisema ili anyamaze, nilikuwa na wateja." Sauti ikapoa. "Na kama yupo, si wewe uliyekaa naye miaka yote? Chukua wewe."

Hasmiza alikata simu. Alikwenda msikitini akamwomba Ustadhi Wan Yusri, aliyezoea kuwasomea watu wenye mashetani, na ustadhi akataka Norlida aje mwenyewe akatae kwa kinywa chake, akiwa amekaa mbele ya hiyo mashine. Norlida akasema hana nafasi, labda kwa video, tena upesi. Ustadhi alitikisa kichwa. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema. Lakini kwa kuwa kupokea kulipita njia hiyo hiyo, akakubali kujaribu.

Alikuja baada ya adhuhuri na bakuli la maji. Kabla hawajapiga simu alimkalisha Hasmiza akamwagiza kwa utaratibu, maana akishaanza kisomo asingeweza kusema na mtu mpaka ayamwage yale maji mtoni.

"Jini akikataliwa haendi mbali," akasema. "Atamfuata Norlida mlangoni kwake, na leo atamwita kwa jina. Akiitika, amempokea upya, na hapo hakuna kisomo cha kumtoa. Asiitike mtu yeyote asiyemwona, mpaka kesho kukuche. Mimi hanisikilizi yule. Mwambie wewe, ni dada yako."

"Nitamwambia, ustadhi."

Norlida alitokea kwenye kioo amezungukwa na vifurushi, anabandika majina ya wateja. Ustadhi akasoma. Kitwangio kikaanza mara moja, safari hii kwa hasira, upesi upesi bila mpangilio, na maji kwenye bakuli yakawa yanatetemeka, na kadiri ustadhi alivyopandisha sauti nacho kikapanda, mpaka Hasmiza akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akisoma moyoni kila alichowahi kuhifadhi na kukisahau kabla hajakimaliza. Ustadhi akamnyooshea Norlida kidole. Norlida, bila kuinua macho kutoka kwenye vifurushi, akasema sikupokea, nakataa, rudi ulikotoka. Kelele ikakatika, na ile harufu ikaondoka kama mlango umefunguliwa. Ustadhi, midomo ikiendelea kusoma, akalibeba bakuli akashuka ngazi kuelekea mtoni, akimtazama Hasmiza kwa jicho la kumkumbusha.

"Imekwisha?" Norlida akauliza.

"Imekwisha. Dada, kuna jambo ustadhi amesema nikwambie..."

"Ngoja kwanza, kabla sijasahau. Nyumba nimeshampata mnunuzi."

"Ulinipa mpaka Mfungo."

"Nilikupa, na unao wanafunzi wangapi? Watatu?" Norlida alibandika jina jingine. "Usinifanye mimi mbaya, Miza. Huna mume, huna kazi, umezoea kumuuguza mtu tu. Hapa utakula, utalala. Jumamosi nakutumia tiketi ya basi. Haya, ulitaka kusema nini?"

Hasmiza alifungua mdomo. Uchungu aliokuwa nao haukuwa wa siku ile, ulikuwa wa kila shuka aliyoifua na kila usiku aliokesha, na mwenye kovu usidhani amepoa. Kabla hajasema kitu, akasikia. Spika zile za nje zilikuwa safi kuliko siku zote. Tok, tok, tok-tok. Haikutoka kwenye mashine. Ilitoka kule Kuala Lumpur, nyuma ya dada yake, mahali asipopaona.

"Long," ikaita sauti ya mzee, kwa upole, kama wakati wa kula.

Norlida akageuza shingo. Akamrudia dada yake, uso umebadilika, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wao alikuwa na hofu.

"Miza, ni wewe unayeniita?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Neno moja tu lilitakiwa, na Hasmiza alikuwa nalo mdomoni.

"Si mimi," akasema.

Ikaita tena. Norlida akainuka nusu, mkanda wa gundi ukamdondoka mkononi, akaelekeza uso kwenye mlango wa nyuma.

"Naam?" akaitika.

Hasmiza aliifunga kompyuta.

Alibaki ameketi, mikono juu ya mfuniko, mpaka ustadhi aliporudi na bakuli tupu, kanzu imelowa magotini. Alikuwa amechoka na amefurahi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, ustadhi."

Jioni alifundisha darasa. Mama wa Damia alikuja mbele ya kioo kusema kwamba leo sauti ni safi kabisa, na kwamba atawaambia wenzake kwenye kundi la wazazi. Hasmiza alimshukuru. Damia aliposhika aya ya pili, simu ya Hasmiza ikawaka juu ya meza, jina la Norlida. Ikalia mpaka ikakatika, ikaanza tena, ikakatika, ikaanza tena. Mtoto akanyamaza, akauliza kama mwalimu anataka kupokea kwanza.

"Hapana," Hasmiza akasema, akaigeuza simu kifudifudi. "Soma."